PAMBA YETU HAITAOKOLEWA NA VITABU VYA HOTELINI



Majuzi sisi vijana watatu wa chama tulikaribishwa katika semina moja hapa Bariadi. Jina la wenye semina twaliacha, maana shida yetu si wao peke yao. Tulipewa kalamu, chupa ya maji, na kitabu kizito chenye picha za rangi. Ndani yake mlikuwa na maneno ambayo siku hizi husemwa kama sala: uendelevu wa biashara, mnyororo wa thamani, wadau, ustahimilivu. Tulihesabu watu ukumbini. Waliofunga tai walikuwa wengi. Mkulima wa pamba alikuwa mmoja, mzee wa miaka sabini hivi, ameketishwa karibu na mlango.

Mzee yule alinyamaza mpaka saa sita. Kisha akanyosha mkono, akamwambia mtaalamu aliyesimama mbele, kijana wa umri wetu: “Ng'wanone, mizani imeandikwa ukurasa wa ngapi?”

Kijana akafungua kitabu, akafunua mbele na nyuma. Mizani haikuandikwa. Msimamizi akasema swali ni zuri na litachukuliwa. Chai ikaletwa.

Sisi twasema swali lile halikuchukuliwa, lilitupwa. Nasi twaliokota leo katika gazeti hili, kwa kuwa mkoa wetu wa Simiyu, tangu ulipoundwa mwaka 2012, ndio mkoa utoao pamba nyingi kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania. Ikiwa biashara ya pamba haisimami hapa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, haitasimama popote katika nchi hii. Na ikiwa watu wa hapa hawana ujuzi wa kuisimamisha, basi tuambiwe wazi ni nani aliye nao.

Lakini ujuzi wanao! Wameukalia. Au, tuseme kweli, wamekalishwa juu yake.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya 1952 mkulima wa Usukuma alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyekuwa na duka, na mizani, na jiwe la mizani, na daftari, na senti. Mkulima alikuwa na mgongo wake tu. Alijua anaibiwa. Mwanamke aliyebeba mzigo kichwani kutoka shambani anajua uzito wake kwa shingo, hahitaji kuambiwa na karani. Basi watu walifanya nini? Hawakuandika mkakati. Walichanga fedha, wakatafuta wapimaji wao wenyewe, watu waliojua kusoma mizani, wakawasimamisha kando ya mizani ya mnunuzi waseme uzito kwa sauti. Ushirika mkubwa wa pamba ulianza kwa mtu mmoja kusimama kando ya chuma na kusema: “Hapana, umesoma vibaya.”

Kutoka hapo kikaja Chama cha Wakulima wa Jimbo la Ziwa, ambacho Paul Bomani alikiongoza alipokuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwaka 1955 ukaja muungano wa vyama vile, Victoria Federation of Co-operative Unions. Mwaka 1956 kiwanda cha kwanza cha kuchambua pamba kilicho mali ya wakulima kikaanza kazi Kasamwa, Geita. Kabla nchi haijapata Uhuru mwaka 1961, muungano ule ulikuwa umekwisha shika ununuzi wa pamba yote ya Jimbo la Ziwa. Watu ambao mtoza kodi aliwaita wajinga wakawa na mojawapo ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika nzima. Na hayo yalifanyika wakati ambapo TANU yenyewe ilizuiwa na serikali ya kikoloni kufanya kazi katika Usukuma, tangu 1954 hadi 1958! Pale siasa ilipofungiwa mlango, iliingia kwa dirisha la mizani.

Fedha za viwanda zilitoka wapi? Senti chache zilikatwa katika kila ratili. Mkulima alikubali kukatwa kwa sababu aliona tofali likipanda. Hapo ndipo twataka wasomi wetu watulie kidogo. Makato ya leo mkulima haoni yanakokwenda. Anaona tarakimu katika karatasi. Mtu yule yule, au mjukuu wake, ambaye zamani alikatwa akafurahi, leo akikatwa ananung'unika, nanyi mwasema hana mwamko. Mwamko anao. Kinachokosekana ni tofali.

Sisi tulisoma chuo cha ualimu. Huko tulifundishwa kuwa Myunani wa kale, Aristotle, alitenganisha elimu ya mambo yasiyobadilika, kama hesabu, na busara ya kutenda, yaani kujua lipi lifanyike, hapa, leo, na watu hawa. Alisema busara hiyo kijana hana, hata akiwa hodari wa hesabu, kwa sababu huja kwa kuishi. Tuliposoma hayo tuliandika katika daftari, tukafaulu mtihani, tukasahau. Tumekuja kukumbuka tukiwa tumeketi chini ya mkwaju huko Itilima, tukimsikiliza mama mmoja akieleza kwa nini hapandi pamba ekari zake zote. Ekari moja mtama. Nusu ekari viazi, akaanike michembe na matobolwa ya miezi ya njaa. Choroko kidogo kwa fedha ya haraka ya madaftari ya watoto. Pamba mwisho, kwa mavuno makubwa ya mwaka. “Mayu,” tulimwuliza, “nani alikufundisha?” Akatucheka. Alisema njaa haifundishi mara mbili.

Mama yule akiitwa semina, ataambiwa kuwa hana mpango wa biashara.

Tazameni mambo ambayo watu wetu waliyafanya kabla neno uendelevu halijazaliwa. Mzee mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na rafiki wa mbali, huyu wawili, yule watano. Ugonjwa ukipita huku, walio kule walipona; na yule aliyewalisha alikunywa maziwa, akapata na samadi. Bima hiyo haikuwa na kampuni wala fomu. Vijana walilima kwa zamu katika elika, shamba la huyu leo, la yule kesho, na aliyekwepa zamu alijulikana kijiji kizima. Na juu ya yote kulikuwa na ngitili.

Juu ya ngitili tutasema kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo palipo ushahidi usiopingika.

Ngitili ni malisho yaliyofungwa. Masika yakianza, sehemu ya majani na miti huachwa, haiguswi, mpaka kiangazi kinapokauka kila kitu ndipo hufunguliwa kwa ndama, ng'ombe wa maziwa na wale waliodhoofu. Ni akiba, kama ghala, ila ghala hili limesimama juu ya ardhi. Sasa sikilizeni yaliyotokea. Miti ya Usukuma ilifyekwa miaka mingi, kwanza kuwafukuza ndorobo, kisha kupata mashamba ya pamba. Ardhi ikaanza kwenda na maji. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ikaanzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Maofisa wake hawakuwa wajinga. Walisema ardhi inamomonyoka, na ni kweli ilikuwa ikimomonyoka. Walisema matuta yanafaa, na ni kweli yanafaa. Lakini waliyaleta matuta kwa amri, na kupunguza ng'ombe kwa amri, na kodi ya ng'ombe, na faini, na mahakama. Watu wakayachukia matuta kama wanavyoichukia faini. Mwaka 1958 hasira ikalipuka huko Geita, maelfu wakatembea kwa miguu mpaka Mwanza. Walikuwa wakipinga baraza la rangi mbalimbali walilowekewa bila kuulizwa, lakini nyuma ya baraza lile kulikuwa na miaka kumi na moja ya kuamriwa jinsi ya kushika jembe. Baada ya hapo nani alijenga tuta? Ukweli wa kitaalamu ulikufa kwa sababu ulivaa kofia ya mtoza faini.

Sasa linganisheni na mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986 na kumalizika 2004, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga. Mwanzoni nao ulikuja na miche ya kigeni na mafunzo ya bwana miti. Baadaye wataalamu wake, na hili twawasifu, walifanya jambo ambalo ni adimu kwa mtu mwenye shahada: waliuliza. Waliuliza wazee zamani mlikuwa mkifanyaje. Wazee wakasema: ngitili. Ngitili zilizokuwa zimebaki mwaka 1986 zilihesabiwa kuwa hekta mia chache tu. Mpango ulipofungwa zilihesabiwa mamia ya maelfu ya hekta, za watu binafsi na za vijiji, zenye kuni, asali, dawa, majani ya kuezekea, na maji yaliyorudi. Ardhi ilikuwa ile ile, na watu walikuwa wana na wajukuu wa wale wale walioandamana 1958. Kilichobadilika ni nani aliyeulizwa.

Ndugu, kama mtu anataka mkakati wa biashara endelevu, basi aanzie hapo. Asiruke.

Tunajua watakaotujibu. Watasema: “Hayo ni mambo ya majani na ng'ombe. Pamba ni soko la dunia. Bei hupangwa mbali.” Vema, tuingie sokoni.

Mwaka 2018 Serikali iliamua kuwa pamba inunuliwe kwa kupitia vyama vya msingi, AMCOS. Sisi tuliliunga mkono jambo hilo na bado twaliunga. Mwaka 2019 bei elekezi ikatangazwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka. Wanunuzi wakasita, magodauni yakajaa, na wako wakulima waliokaa miezi wakisubiri fedha ya pamba ambayo ilikwisha toka mikononi mwao. Mwaka 2022 msimu ulifunguliwa kwa shilingi 1,560. Watu wakanunua bati, wakaoa. Mwaka 2023 ukafunguliwa kwa 1,060. Shilingi 500 zimeanguka kwa kilo moja katika mwaka mmoja! Na mazao nayo ni hivyo hivyo: msimu wa 2019/20 taifa lilikaribia tani 350,000, msimu uliofuata likapata kidogo zaidi ya tani 120,000. Ni biashara gani isimame juu ya ardhi inayotikisika hivyo?

Ni kweli, bei hupangwa mbali. Brazil iliishitaki Marekani mwaka 2002 mbele ya Shirika la Biashara la Dunia kwa sababu ya ruzuku ambazo Marekani huwapa wakulima wake wa pamba, na ikashinda. Mwaka 2014 walimaliza kesi kwa Marekani kulipa dola milioni 300 kwa Brazil. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilisimama pamoja mwaka 2003 kudai hayo hayo. Hazikupata dola milioni 300. Mnyonge hata akiwa na haki hulipwa maneno.

Lakini twauliza: bei ikipangwa mbali, je, na akiba hupangwa mbali? Mkulima wa mtama hapangi mvua. Kwa hiyo hujenga ghala. Hajawahi kutokea mzee wa Bariadi aliyesema, “Mvua hutoka kwa Mungu, basi sina haja ya ghala.” Kwa nini basi chama cha msingi kinachouza pamba ya watu mia nne hakina ghala la fedha? Mwaka wa 1,560 ulikuwa mwaka wa mavuno. Kila chama kingeweka shilingi 20 tu katika kila kilo. Chama kilichonunua kilo 600,000 kingekuwa na shilingi milioni 12 benki kwa jina la wanachama. Milioni 12 si utajiri. Lakini mwaka wa 1,060 ulipofika, chama kingeweza kununua dawa ya wadudu mapema, au kumkopesha mwanachama ada ya mtoto ili asiuze pamba yake kichakani kwa mchuuzi kwa bei ya kutupa kabla haijakomaa. Hilo la kuuza mapema kwa nusu bei twalijua wote, na kitabu cha semina hakikulitaja, labda kwa sababu hufanyika usiku.

Sasa mizani. Mzee wa mlangoni alikuwa na haki. Tufanye hesabu ya darasa la tano. Mkulima analeta kilo 500. Mizani inakula kilo 2 katika kila 50. Amepoteza kilo 20. Kwa bei ya shilingi 1,150 ni shilingi 23,000. Wakulima mia nne wakiibiwa hivyo, chama kimoja kimepoteza shilingi 9,200,000, na fedha hizo hazikwenda Marekani wala Liverpool. Zimebaki hapa hapa kijijini, katika mfuko wa mtu tunayesalimiana naye asubuhi, “Mwangaluka!”, na katika pikipiki yake mpya.

Tuliona kwa macho yetu. Katika chama kimoja, nacho hatutakitaja, tuliomba kupimwa kitu tunachojua uzito wake. Tulipanda sisi wenyewe, mmoja mmoja, baada ya kupimana zahanati asubuhi ile. Mizani ya zahanati ilisema kilo 64, mizani ya pamba ikasema 61. Karani akasema ni upepo. Ndugu, tumesoma, na hatujapata kusoma juu ya upepo wa kilo tatu ndani ya godauni.

Siku hizi imeletwa mizani ya kidijitali. Ni vema. Lakini msidanganyike kuwa chuma kipya huleta moyo mpya. Mizani yoyote huhitaji muhuri wa Wakala wa Vipimo, na huhitaji pia mtu wa kusimama kando yake ambaye halipwi na mwenye mizani. Babu zetu walimlipa mtu huyo kabla ya 1952. Sisi tumeachisha kazi yake, halafu tumeita wataalamu waje watuambie kwa nini biashara haiendelei.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wenzetu wa chama. Ushirika haukuuawa na Wahindi wala wazungu. Uliuawa na sisi. Miaka mitano tu baada ya Uhuru, mwaka 1966, Serikali ililazimika kuunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika, kwa sababu malalamiko ya wakulima yalijaa: makarani wa kupindukia, ndugu walioajiriwa kwa undugu, fedha zisizo na hesabu, viongozi waliojenga nyumba haraka kuliko viwanda. Waliomtoa mnunuzi mwenye mizani ya uongo walikalia kiti chake kabla hakijapoa. Muungano ule wa 1955 ukaingizwa chini ya usimamizi, ukapewa sura mpya na jina la Nyanza. Kisha mwaka 1976 likafanyika kosa kubwa zaidi: vyama vyote vya ushirika vikafutwa kwa amri, kazi yao ikapewa vijiji na mamlaka za mazao. Mgonjwa alikuwa na homa, daktari akamzika. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kuvirudisha, lakini waliorudi walikuta majengo na madeni. Ile tabia ya kusimama kando ya mizani ilikuwa imekwisha sahaulika. Mwaka 1994 biashara ikafunguliwa kwa kila mwenye fedha. Leo viwanda vingi vya kuchambua pamba mkoani ni vya makampuni binafsi, nasi tunawapelekea pamba mbegu, wao wanatoa nyuzi, mbegu, mafuta na mashudu, kisha twanunua mashudu kwa ng'ombe wetu.

Kwa hiyo anayesema “rudisheni ushirika” na kunyamaza hapo, hatumsikii. Tunataka ushirika ambao mwanachama anaweza kufungua daftari siku yoyote, si siku ya mkutano mkuu tu. Tunataka mwenyekiti ambaye shamba lake la pamba linaonekana. Kama halimi, aongoze nini?

Na mkulima naye asijifiche nyuma yetu. Mnajua tunalotaka kusema. Maji yanayomwagiwa pamba usiku. Mchanga. Jiwe katikati ya robota. Mkulima anayeweka jiwe anamwibia mnunuzi mara moja, na anamwibia jirani yake kila mwaka, maana pamba ya mahali pale hujulikana kuwa ni chafu, bei hushushwa kwa wote, hata kwa yule mjane aliyechambua yake usiku kwa kibatari. Tukimkamata mwanachama wetu kwa jambo hili tutamtaja mkutanoni, na kadi yake haitamsaidia.

Wapo watakaosema kuwa tunaipinga sayansi. Hata kidogo! Ukiriguru imetufanyia pamba tangu miaka ya 1930, na mbegu ya UKM08 tunayopanda jina lake ni la huko. Bwana shamba anaposema tupande sentimita 60 kwa 30 badala ya kutawanya ovyo, tunamfuata, kwa sababu tulimwona akipanda safu yake mwenyewe, na mwezi wa nne tukahesabu vitumba. Twapinga sayansi isiyouliza. Tazameni Burkina Faso. Mwaka 2008 walianza kupanda kwa wingi pamba iliyobadilishwa vinasaba na kampuni ya Monsanto ili ijikinge na funza. Funza alipungua kweli, na wakulima walipunguza kupuliza dawa. Lakini uzi ukawa mfupi. Pamba ya Burkina Faso, iliyosifiwa kwa uzi mrefu, ikashuka daraja sokoni, na kufikia 2016 walikuwa wakiiacha. Swali moja tu halikupewa uzito tangu mwanzo: mnunuzi wetu anatupendea nini? Mchuuzi wa nyanya pale stendi ya Bariadi anajiuliza swali hilo kila alfajiri kabla hajapanga mafungu.

Kwa upande mwingine, huko Meatu pamba isiyo na dawa za viwandani imelimwa kwa mradi wa bioRe tangu 1994. Alizeti hupandwa kati ya pamba kuwavuta wadudu, samadi hutumika, na mkulima hulipwa nyongeza juu ya bei ya soko. Twasema ni jambo zuri na wengine waige. Lakini twaongeza neno moja: samadi haikuletwa na Mzungu. Aliyotuletea ni mnunuzi aliye tayari kulipia samadi. Tofauti hiyo ni kubwa, na chama cha msingi kinachojiheshimu kingeanza kumtafuta mnunuzi wa namna hiyo chenyewe, na kukaa naye mezani kama muuzaji.

Tena yapo mambo madogo yaliyotupa moyo. Ilipotolewa kauli ya wilaya moja, bidhaa moja, vijana wa Maswa walianza kutengeneza chaki, na wa Meatu wakasindika maziwa. Sisi walimu twajua uzito wa jambo hilo: tulifundisha miaka kwa chaki ya kununuliwa mbali, na mkoa una vijana wasio na kazi wanaoweza kuikanda. Chaki si pamba. Haitalisha mkoa. Lakini vijana walianza na kitu ambacho mnunuzi wake, yaani shule, yuko ng'ambo ya barabara. Bibi muuza maandazi alianza hivyo hivyo. Nyuzi zetu nyingi zasafirishwa nje ya nchi mbichi, na shati la mwanafunzi wa Bariadi larudi kwa meli. Aulizwe yule bibi kama angeuza unga kwa jirani akanunue andazi kwake.

Basi chama kifanye nini? Twasema kwa wanachama wetu, na hasa kwa matawi ya vijijini, mambo ambayo tumekwisha kubaliana.

Kila tawi litamchagua mtu wa mizani. Asiwe karani wa chama cha msingi wala ndugu yake. Awe anajua kusoma, na awe na ulimi mkali. Atalipwa na wanachama kwa michango midogo, kama walivyolipwa wale wa kwanza. Katika mkutano mkuu wa kila AMCOS, wanachama wetu watasimama kupendekeza akiba ya kila kilo, na watadai iwekwe benki kwa saini za watu watatu, mmoja wao mwanamke, kwa kuwa tumeona kuwa mwanamke ndiye mshika ghala la nyumba na ghala lake halijapata kufilisika kwa safari za semina. Na kabla ya Novemba, wakati wa kupanda, kila tawi lipite na wazee kuonyesha ngitili za kijiji zilizokuwapo, zilizobaki na zilizolimwa. Tusibishane hapo. Tuzichore tu kwanza kwenye karatasi, mjadala utafuata.

Kwa wenye semina twasema: karibuni tena. Hatukatai elimu yenu, wala chai yenu. Lakini safari ijayo mkutano ufanyike godauni, si hotelini, na mzee yule asikae mlangoni. Kitabu chenu kiandikwe Kiswahili ambacho mama wa Itilima atakisoma na kukisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Msimu wa ununuzi hufunguliwa mwezi Mei. Sisi tumekwisha nunua jiwe moja la mizani la kilo 20, lenye muhuri, kwa fedha tulizochanga sisi wenyewe, na limehifadhiwa nyumbani kwa katibu wa tawi. Tutalibeba kwa baiskeli kutoka kituo hadi kituo, tuliweke juu ya kila mizani tutakayoruhusiwa kuigusa, na uzito utakaosomwa tutauandika kwa chaki ya Maswa juu ya mlango wa godauni. Mwanachama mwenye baiskeli imara na karia ya chuma aje tuonane Jumamosi baada ya gulio, maana ya kwetu imepinda.